Tuandike Mji, Tusiandike Kabila

Mwezi wa Julai 2011 ofisi ya Umoja wa Mataifa ya haki za binadamu katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitoa ripoti ya mwisho kuhusu uhalifu uliotendwa kuanzia tarehe 30 Julai hadi 2 Agosti 2010 kwenye barabara ya Kibua–Mpofi, wilayani Walikale. Wapiganaji wa makundi kadhaa yaliyoungana waliingia katika vijiji 13 na kuwabaka watu wasiopungua 387, wengi wao wanawake na wasichana, na miongoni mwao wanaume na wavulana. Ntabo Ntaberi Sheka, kiongozi wa moja ya makundi hayo, alijisalimisha mwaka 2017, na Novemba 2020 mahakama ya kijeshi mjini Goma ikamhukumu kifungo cha maisha. Haya yanajulikana na ni lazima yaendelee kujulikana.

Ripoti hiyohiyo ina hesabu nyingine ambayo haikuzungumzwa sana. Nyumba 923 ziliporwa, na maduka 42. Tunawaomba wasomaji wakae kidogo na hiyo namba ya pili. Maduka 42 katika vijiji 13, kwenye barabara ambayo wakati wa mvua hata pikipiki hukwama. Hiyo ni karibu duka moja lililoporwa kwa kila nyumba 22 zilizoporwa. Kila duka lilikuwa na mwenye kulifungua asubuhi, lilikuwa na sabuni, chumvi, betri za tochi na vitenge, na daftari la madeni lenye majina ya majirani. Palikuwa na watu walioaminiana kiasi cha kukopeshana. Wachunguzi walikwenda kuandika jinai, na waliiandika vizuri. Hawakutumwa kuandika maisha ya sokoni. Sisi ndio tulioacha kazi hiyo ibaki bila mwenyewe, mpaka hesabu ya maduka ya huko ikaandikwa na watu waliokuja kupima hasara. Na Kongo nzima haijafanya sensa ya watu tangu ile ya mwaka 1984.

Kwa sababu hiyo toleo hili la jarida letu tumelitoa lote kwa miji midogo ya barabara inayotoka Masisi kwenda Walikale: Masisi-centre, Nyabiondo, Kibua, Mpofi, hadi Walikale-centre. Hoja yetu ni moja. Historia ya sehemu hii ya Kivu imeandikwa mno kwa makabila na kwa makundi yenye silaha. Sasa iandikwe kwa mji, mahali ambapo watu wa koo na lugha tofauti wanachota maji chemchemi moja na kuzika wafu wao kwenye kilima kimoja.

Tuanze na ardhi yenyewe. Kutoka Goma barabara inafuata ziwa hadi Sake, kisha inapanda. Huko juu ndiko kwenye Masisi inayopigwa picha: vilima vya majani, ng'ombe, mashamba ya viazi na maharage, na jibini ambalo kila muuza chakula wa Goma anajua kulisifu. Wageni wamezoea kuiita wilaya hiyo Uswisi ya Afrika. Ukipita Nyabiondo na kuendelea magharibi, vilima vinaanza kushuka, joto linaongezeka na msitu unafunga. Malisho yanaisha, inaanza migazi, mihogo na ndizi za kupika. Mpofi iko upande huo, mahali ambapo nchi ya ng'ombe inaiachia nafasi nchi ya mawese. Biashara ya miji hii inatokana na tofauti hiyo: maharage na viazi vinashuka, mafuta ya mawese na ndizi vinapanda, na siku ya soko ndiyo siku ambayo mlima na msitu vinalishana. Anayetaka kujua kwa nini watu wanarudi Mpofi kila wanapofukuzwa, aangalie kwanza kinachobadilishwa hapo.

Mito nayo ina habari yake. Maji ya upande huu yanaingia mto Oso na mto Lowa, na Lowa unapita Walikale kwenda kumwaga Lualaba. Maji ya mashariki ya Masisi yanateremka Ziwa Kivu, yanatoka kwa Ruzizi hadi Tanganyika, na kutoka Tanganyika kwa mto Lukuga nayo yanaishia Lualaba. Mvua moja inayonyesha juu ya mgongo wa Masisi inagawanyika njia mbili na kukutana tena mbali sana. Ni somo la jiografia ambalo mtoto wa Mpofi angeweza kulisoma kuanzia mlangoni kwao, lakini vitabu vinavyomfikia vinaanzia kwingine.

Utajiri uliofanya jina la Walikale litajwe duniani haukuijenga barabara hii. Kasiterite (madini ya bati) ya Bisie, wilayani Walikale, ilianza kuchimbwa mwaka 2002. Wapagazi waliibeba kwa migongo msituni, kisha ndege ndogo zikatua kwenye kipande cha lami cha Kilambo na kuipeleka Goma. Tangu 2019 kuna mgodi wa kisasa wa kampuni hukohuko Bisie. Yote hayo yametajwa katika mamia ya ripoti za madini. Mama anayetembea na dumu la mawese hadi sokoni, na motari anayesukuma pikipiki kwenye tope huku abiria akifuata kwa miguu, hawakuandikwa, ingawa ni wao walioiweka barabara hai kwa salongo, yaani kazi ya pamoja ya kijamii, na kwa nyayo zao.

Wapo watakaosema miji hii haina historia ya kuandikwa kwa kuwa haina nyaraka. Tunalipinga hilo kwa nguvu. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga wa huku Walikale, mtambaji aliyeitwa Candi Rureke alimsimulia Daniel Biebuyck, mtafiti wa Kibelgiji, utenzi mrefu wa Mwindo. Kazi hiyo ilichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1969, na aliyeifanya pamoja na Biebuyck ni Kahombo Mateene, mwanaisimu na mwana wa Wanyanga wenyewe. Utenzi huo unaanza na makazi: Shemwindo anajenga kijiji, kijiji kinaitwa Tubondo, na habari ya shujaa inafuata baadaye. Mwindo anatoka Tubondo kwa uhasama, anaiteketeza, kisha anairudisha pamoja na watu wake. Watu waliotunga habari kama hiyo walijua vizuri kwamba mahali panaweza kuwa na maisha yake, kuharibika kwake na kujengwa kwake upya. Tunachokosa sisi ni uzoefu wa kuyaandika maarifa hayo kwa ajili ya Mpofi ya leo.

Turudi kwenye Uswisi, maana wale wageni waliona nusu tu ya mfano. Waliona nyasi na ng'ombe. Hawakutaja daftari. Uswisi ni nchi ya miji midogo na vijiji vinavyojiendesha, zaidi ya 2,000, na kati ya mwaka 2002 na 2014 nchi hiyo ilichapisha kamusi ya historia yake katika majuzuu 13, kwa Kijerumani, Kifaransa na Kiitaliano. Humo hata kijiji cha watu mia chache kina maelezo yake: kilitajwa lini kwa mara ya kwanza, kilimilikiwa na nani, kanisa lilijengwa lini, watu waliishi kwa kazi gani, reli ilifika au haikufika. Mswisi wa bonde la mbali anafungua kitabu cha taifa na kuukuta mji wake umeandikwa kwa uzito. Hilo tunalitaka. Hatuna sababu ya kudhani kwamba ni anasa ya matajiri. Ni kazi ya walimu, makarani, mapadri, wachungaji na wazee wenye subira, na watu wa aina hiyo Masisi na Walikale wanao.

Jambo jingine la Waswisi hatulitaki, nasi tulitamke wazi. Pasipoti yao haiandiki mahali mtu alipozaliwa. Inaandika mji wa asili, unaorithiwa kwa wazazi hata kama mwenye pasipoti hajawahi kuukanyaga. Kwao desturi hiyo haiui mtu. Kwetu asili ya kurithiwa ndiyo iliyowashwa moto. Serikali ya kikoloni ilianza mwaka 1937 kuwahamishia Wanyarwanda kwa maelfu katika milima ya Masisi, ikawapa utawala wao wa Gishari ndani ya nchi ya Wahunde, kisha mwaka 1957 ikaufuta. Sheria ya Januari 1972 ikawapa uraia wale waliokuwa Kivu kabla ya mwaka 1960. Sheria ya Juni 1981 ikataka ushahidi wa mababu wa mwaka 1885. Sheria ya Novemba 2004 ikarudisha kipimo hadi uhuru wa 1960. Katika maisha ya mtu mmoja, mkulima yuleyule kwenye shamba lilelile alikuwa raia, akawa si raia, akawa raia tena. Mhunde aliyeona ardhi ya wazee wake ikigawiwa na mzungu naye ana dai lake, na dai hilo ni la kweli.

Tarehe 20 Machi 1993 watu walishambuliwa katika soko la Ntoto, wilayani Walikale, na vita vikaenea Masisi nzima. Hao wa Ntoto, Wahutu wa jamii ya Wanyarwanda, waliuawa siku ya soko, mahali pa kuuziana na kununuliana, na walioongoza mashambulizi walikuwa vijana waliojiona wanalinda ardhi ya mababu zao, Wahunde na Wanyanga. Baadaye damu ikamwagika upande wa pili pia, kwa wingi. Tangu hapo kila jamii ina historia yake iliyoandikwa, kwenye memorandamu, kwenye barua za madai, kwenye hotuba, na kila moja inaanza na nani alitangulia kufika. Tumezisoma nyingi wakati wa kuandaa toleo hili. Karibu zote zinajua mwaka ambao babu alifika, na karibu hakuna inayotaja jirani kwa jina. Hapo ndipo tunapoona kosa. Historia ya kabila inaweza kuandikwa bila jirani. Historia ya mji haiwezi. Ukiandika soko, lazima uandike muuzaji na mnunuzi. Ukiandika shule, utaandika dawati walilokalia watoto wa nyumba mbili zinazozozana leo.

Machi 2025 waasi wa M23 walipopita milimani na kuingia Walikale-centre, kisha kuondoka mwanzoni mwa Aprili, majina ya miji hii yalirudi redioni kwa namna ileile: imetekwa, imeachwa, imerudishwa. Waliokuwa wanasikiliza kambini na kwenye familia zilizowapokea walikuwa wakitafuta habari nyingine kabisa. Duka la fulani lipo? Mabati ya kanisa yameng'olewa? Nani amebaki? Hayo ni maswali ya mwanahistoria wa mji, na yanaulizwa kila jioni na watu wasio na karatasi.

Basi makala za toleo hili zina masharti ambayo tuliwapa waandishi. Kila mji uandikwe na watu wasiopungua wawili wasiotoka jamii moja. Simulizi za kuanzishwa kwa mji zikigongana, zote mbili zichapishwe ukurasa mmoja, bila mhariri kuchagua mshindi. Mazao, bei, njia za maji, siku za soko, makanisa na misikiti, timu za mpira na walimu wa zamani vipewe nafasi sawa na vita. Hapa wengine walitunung'unikia kwamba tunapunguza uzito wa mateso, nasi hatukukubali, kwa sababu mateso hupimwa kwa kile kilichokuwepo kabla. Majina ya walionusurika mwaka 2010 hayatachapishwa hata kama wenyewe wametusimulia, kwani wengine bado wanaishi njia moja na waliowatendea. Mipaka ya mashamba haitachorwa kwenye ramani zetu. Ardhi ambayo iko mahakamani au kwenye baraza la mwami (chifu) si kazi ya jarida kuigawa.

Mapungufu yatakuwepo. Upande wa Walikale una kurasa chache kuliko Masisi, kwa sababu barabara ilifungwa wakati tunakusanya, na wenzetu wa Kibua walituletea maandishi yao kwa mikono ya wasafiri. Msomaji anayeona tarehe imekosewa, au familia yake imeachwa, aandike kwa Kiswahili, Kihunde, Kinyanga au Kinyarwanda, ataje kijiji na mwaka. Masahihisho yatachapishwa katika toleo lijalo, kwenye kurasa za mbele, kwa herufi za ukubwa uleule wa makala zenyewe.