Tazama Kioo cha Nyuma

Septemba 1955 wanafunzi sita wa vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge waliondoka London kwa Land Rover mbili. Walipiga kambi njiani, wakavuka jangwa na misitu ya Burma, na Machi 1956 wakafika Singapore.

Hadi leo, wanaosafiri porini kwa magari hayo ya zamani wana desturi moja: gari lisiende peke yake. Dereva wa mbele hutazama kioo. Asipomwona mwenzake husimama, na akikawia hurudi na kamba kumvuta matopeni. Haulizi kwanza nani aliyekosea njia.

Je, sisi kanisani tunatazama kioo? Yupo ndugu aliyefiwa au kupoteza kazi, na nafasi yake kwenye benchi iko wazi mwezi wa tatu sasa. Tumemtaja katika maombi, lakini hatujapiga hodi kwake. Mhubiri, katika sura ya 4, anamsikitikia aangukaye akiwa hana wa kumwinua.

Leo ibada ikiisha, usikimbilie nyumbani. Pitia kwake, hata kwa miguu. Kumwombea tumekwisha kumwombea, sasa tumfuate.