MAJANI YA MIEMBE SI TAKATAKA

Wakati wa kiangazi, katika viwanja vya shule na nyumba za watumishi mjini Tabora, ni jambo la kawaida kuona majani ya miembe yakifagiliwa, yakirundikwa na kutiwa moto. Ifikapo Novemba, mvua zinapokaribia, fedha hutafutwa za kununulia mbolea ya tuta la mchicha na nyanya. Huu ni upotevu usio na sababu. Wanaopaswa kuukomesha kwanza ni wale ambao wananchi huwatazama kama mfano, yaani walimu na watumishi wa Serikali.

Miembe ni urithi wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo na kugawanyika Tabora, tawi moja likienda Ujiji na jingine Karagwe na Buganda. Burton na Speke walipofika Kazeh mwaka 1857 walikuta nyumba za wafanyabiashara Waarabu zikiwa na bustani. Hakuna cha kutamani katika enzi ile ya pembe na watumwa. Lakini kivuli kilichobaki kina faida, na majani yake pia.

Udongo wa Tabora kwa sehemu kubwa ni wa kichanga. Maji hupita upesi, na rutuba huondoka nayo. Mbolea ya viwandani peke yake haiufanyi ushike maji, mboji huufanya. Mwaka 2022 bei ya mbolea ilipopanda hata Serikali ikalazimika kutoa ruzuku, aliyekuwa na mboji nyumbani alikuwa na pa kuanzia.

Hapa ndipo linapozuka swali la chombo. Wapo wanaodhani kuwa kazi hii haiwezekani bila pipa la plastiki la dukani. Dhana hiyo si sahihi. Pipa la mafuta nalo huchukua lita 200 tu, ilhali lundo lipatalo joto la kutosha linahitaji karibu mita moja kila upande, yaani lita 1,000. Tena bati huota kutu. Sanduku la mbao huliwa na mchwa, ambao Tabora hawahitaji kualikwa. Shimo hutunza unyevu wakati wa kiangazi, lakini mvua zikianza hugeuka dimbwi, na mboji hunuka. Linalofaa ni sanduku la matofali ya kuchoma, yaliyopangwa bila udongo wala saruji, yakiachiwa nafasi za kupitisha hewa. Chini ibaki ardhi tupu, upande mmoja uwe wazi kwa ajili ya kugeuzia, na juu pafunikwe kwa jamvi kuukuu. Kivuli cha mwembe wenyewe kinatosha kuwa paa.

Majani ya mwembe ni magumu na huchelewa kuoza. Yakatwekatwe, yachanganywe na samadi, maganda ya matunda na magugu mabichi yasiyo na mbegu, kisha yaloweshwe. Fimbo ikichomekwa katikati ya lundo na kutoka ikiwa baridi na kavu, lundo linataka maji na kugeuzwa.

Onyo moja lazima lizingatiwe katika mkoa huu wa tumbaku. Mabua na majani ya tumbaku yasitiwe katika mboji ya bustani ya nyanya au pilipili. Virusi vya ugonjwa wa batobato wa tumbaku hushambulia mimea hiyo pia, huishi muda mrefu katika masalia makavu, na joto la lundo la nyumbani si la kutegemewa kuviua.

Mwaka 1972 ilitangazwa Iringa kwamba siasa ni kilimo, na shule nyingi zikawa na mashamba. Leo shule isiyo na shamba bado ina miembe, ina wanafunzi wa zamu, na ina matofali yaliyobaki baada ya ujenzi. Mkuu wa shule atakayeanza kujaza sanduku mvua zinapokoma, Aprili au Mei, na kusimamia ligeuzwe kila baada ya wiki mbili au tatu, anaweza kuwa na mboji ya kutandaza kabla ya mvua za Novemba. Maji yaliyooshea mboga jikoni yanafaa kulilowesha. Ya sabuni yamwagwe kwingine.