KWA WAZAZI NA WALIMU: Makofi ya Maneno



Mama mmoja jirani yetu alimpeleka kijana wa nduguye akae kwa shangazi yake, amsaidie kazi za shamba. Miezi miwili ikapita bila habari. Mama akamwita bintiye, aliye darasa la pili, amwandikie barua, akamtajia maneno haya: “Je, yule kijana amekufaa?” Binti akaandika: “Je, yule kijana amekufa?” Shangazi alipoisoma alitetemeka. Alidhani huku kwetu imevuma habari mbaya, na siku ile ile akamtia kijana njiani aje aonyeshe uso wake.

Barua hiyo nimeiona. Mwandiko ni mzuri, na mistari imenyoka. Kilichopungua ni a moja tu. Watu wa nyumbani walitaka kumpiga yule binti kwa uvivu. Nikawazuia, maana hakuwa mvivu. Hakuwa amefundishwa kusikia.

Kila neno lina vipande vyake, na kila kipande hutamkwa kwa pigo moja la sauti. Walimu hukiita silabi. Mwambie mtoto apige kofi kwa kila kipande: a-me-ku-fa, makofi manne, a-me-ku-fa-a, makofi matano. Tena asikilize mahali sauti inapopata nguvu, maana katika Kiswahili kwa kawaida ni silabi ya pili kutoka mwisho: huku ni ku, kule ni fa. Kadhalika ko-ndo na ko-ndo-o. Mtoto aliyekwisha kupiga makofi matatu hataridhika kuandika vipande viwili.

Najua shule nyingi huanza kwa kuimba ba, be, bi, bo, bu. Siudharau wimbo huo, hata mimi niliuimba. Lakini nimeona watoto wauimbao wote bila kosa, nao wakionyeshwa neno bibi hunyamaza. Afadhali sikio litangulie, na ubao ufuate. Mtoto wa miaka minne aweza kugawa jina lake kwa makofi kabla hajajua herufi hata moja.

Penye taabu ni m. Silabi nyingi za Kiswahili huisha kwa irabu, yaani a, e, i, o au u, lakini m yaweza kusimama peke yake: m-tu, m-ti, m-to-to. Wengine hufundisha kuweka mkono chini ya kidevu na kuhesabu mara kinaposhuka. Njia hiyo ni nzuri kwa ba-ba na ma-ma, ila kwa m-tu hudanganya, kwa sababu m hutamkwa midomo imefumbwa. Makofi hayadanganyi. Na mtoto akiandika mutu, msimcheke. Mkikuyu kwao husema mundu, na Mganda omuntu, basi sikio lake limeleta u kutoka nyumbani. Mpigishe m-tu polepole, m ipate kofi lake, asikie kwamba hapana u kati yake na t.

Wala si kila m husimama peke yake. Mbuni aliye ndege ni mbu-ni, makofi mawili. Mbuni ulio mti wa kahawa ni m-bu-ni, makofi matatu, na herufi ni zile zile. Mwalimu atatambuaje? Na alitie neno katika wingi. Miti ni mibuni, m imegeuka mi, basi ilikuwa silabi kamili. Ndege wakiwa wengi hubaki mbuni. Hivyo twasema mtu m-ba-ya, lakini nyumba mba-ya. Maneno mafupi kama m-bwa, n-chi na n-ta yana desturi yao: konsonanti ya kwanza hupata kofi lake, ili neno lisibaki na pigo moja tu. Maneno kama dak-ta-ri na lab-da, ambayo silabi yake ya kwanza haiishi kwa irabu, yaacheni mpaka mtoto amezoea haya.

Kazi hii haihitaji kitabu. Jioni, wakati chakula kingali jikoni, mama na ataje vitu vilivyo mbele yake: chu-ngu, mwi-ko, ki-fu-ni-ko, na watoto waweke punje moja ya hindi kwa kila silabi. Dakika kumi zatosha. Zikizidi, wadogo huanza kuzitafuna punje.

Yule binti wa barua nilimkuta juzi mlangoni kwao akimpigisha makofi mdogo wake: ma-nu-fa-a, manne. Akaniuliza neno nne lenyewe lina makofi mangapi. Nikamwambia apige kwanza, ndipo nimjibu. Pigeni na ninyi.