Mzee Akianza Kuweweseka Wodini

BARAZA LA JUMAMOSI
Na Hawa Niyonzima

Bibi wa miaka 78 amelazwa kwa malaria. Mchana anawatambua wanawe wote. Usiku wa pili anataka kuchomoa serumu, anamwita mumewe aliyekwisha kufariki, anauliza nani kaingiza mbuzi chini ya kitanda. Kukicha ametulia, lakini huku mtaani Buyenzi, Bujumbura, maneno yameshazagaa: mmoja anasema jini, mwingine anasema karogwa, wa tatu, anayejiona msomi kuliko wote, anasema ni uzee tu. Huyo wa tatu ndiye anayenitia hofu, maana ndiye anayesikilizwa hata na madaktari.

Uzee hauingii kwa usiku mmoja. Kinachoingia kwa usiku mmoja, kikapungua asubuhi na kurudi magharibi, ni ubongo ulioelemewa: na homa, uambukizo wa mkojo, upungufu wa maji, dawa za usingizi, maumivu ya nyonga iliyovunjika, hata choo kilichofunga. Wataalamu wanaiita deliriamu. Ina sura ya pili isiyopiga kelele: mzee anasinzia kutwa, hajibu, hali, na wodi nzima inashukuru kwamba leo amepumzika. Mara nyingi huyo ndiye aliye hatarini zaidi.

Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, watafiti waliwapima wagonjwa wa miaka 60 na zaidi waliolazwa; karibu mmoja kati ya watano alikuwa na hali hiyo. Sioni kwa nini wazee wa hospitali zetu za hapa Bujumbura, Prince Régent Charles au Kamenge, wawe tofauti.

Na si jambo la kupita. Utafiti uliotoka mwaka 2024 katika jimbo la New South Wales, Australia, ulilinganisha wagonjwa zaidi ya 55,000 waliopatwa na deliriamu na wengine idadi ileile ambao haikuwapata. Wote walikuwa hawajawahi kuandikiwa ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Baadaye, waliopatwa walikuwa na hatari mara tatu ya kuupata. Kuna watakaobisha kwamba labda ubongo ulikuwa umeshaanza kudhoofika kimyakimya, hospitali ikaufichua tu. Kwa baadhi yao huenda ni hivyo. Lakini hata hao, si ndio wa kufuatiliwa? Kwetu mzee anarudi nyumbani na karatasi iliyoandikwa malaria, basi.

Mwaka 1999 Dk. Sharon Inouye na wenzake wa Yale, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 852 wa miaka 70 na kuendelea. Wodi ya kawaida ilikuwa na deliriamu asilimia 15. Wodi yenye mpango wao, asilimia 9.9. Mpango wenyewe? Kumwongelesha mgonjwa, kumkumbusha ni siku gani na yuko wapi, kumtembeza, kumvisha miwani yake, kumnywesha maji, kupunguza kelele usiku. Wamarekani iliwabidi kuwafundisha watu wa kujitolea kazi ambayo hapa Bujumbura binti wa mgonjwa anaifanya akiwa amelala mkekani kando ya kitanda.

Binti huyo tunamfanyia nini? Mlinzi anamfukuza, muuguzi anamuuliza tu kama dawa zimenunuliwa. Ndiye peke yake anayejua mama alikuwaje juzi, na hakuna anayemuuliza. Sisi jamaa nasi tuna yetu: miwani tunaiacha nyumbani tukiogopa wezi, mikono ya mzee tunaifunga kwa kitenge, zamu tunaibadilisha kila saa mpaka anaamka kati ya nyuso asizozizoea. Na mafuta ya gari yakiadimika, anayetoka mtaa wa Kanyosha na chakula mkononi anafika kwa miguu, amechoka, na usiku mgonjwa anaachiwa mjukuu.

Tangu 2006 serikali ya Burundi inawatibu bure watoto chini ya miaka mitano na akina mama wanaojifungua. Ni vyema. Kwa wazee siombi hata hilo leo. Naomba swali moja kila jioni kwa anayemwuguza, "Leo yuko kama jana?", na jibu liandikwe kwenye faili.

Mzee wako akiruhusiwa wiki hii, na aliweweseka, mwombe daktari aliandike kwenye karatasi ya kutoka, pamoja na tarehe ya kumrudisha apimwe kumbukumbu baada ya miezi mitatu. Akikataa, geuza karatasi uandike mwenyewe.