Gari Zima Ndilo la Kupeleka kwa Fundi

Ukizunguka Ruponda, Nachingwea mjini hadi Ruangwa, utaambiwa kwamba gari zima halipelekwi kwa fundi. Wazee wanasema hivyo, vijana wanarithi, na gharama inabebwa na ukoo mzima. Nasema bila kumung'unya maneno: imani hii inatufilisi, na sisi ndugu tunaoinyamazia tunaipalilia.

Chukua pikapu ya mjomba. Kiangazi kizima inakula vumbi jekundu, ikisomba magunia ya korosho hadi ghala la AMCOS, chama chetu cha ushirika. "Si inatembea?" anauliza. Fungua boneti. Toa filta ya hewa uigonge kiganjani uone udongo unavyomwagika. Chomoa kijiti cha oili, sugua tone kati ya vidole viwili: jeusi tii, lina chengachenga. Injini hiyo inanguruma huku inajisaga. Oili iliyochoka haizuii tena chuma kulana na chuma, na kuongezea mpya juu ya chafu si sevisi. Kujaza rejeta maji ya kisima kila asubuhi, bila kutafuta panapovuja, ni kualika kutu. Siku gari litakapochemsha na gasketi kuungua, tutasema ni bahati mbaya.

Mjomba huyohuyo anaijua kinga vizuri. Mikorosho ikianza kuchanua, hangoji ubwiriunga ukaushe maua ndipo atafute salfa. Anapulizia mti ukiwa bado mzima. Kwa nini basi gari linalobeba korosho hizo lingoje kufa?

Wapo wanaojitetea kwamba fundi ukimpa gari zima atalichokonoa lirudi bovu. Mafundi wa namna hiyo wapo. Basi nunua oili na filta mwenyewe, simama pale kazi inapofanyika, na uondoke na filta kuukuu mkononi. Tena anayekwenda gereji gari likiwa linatembea huchagua fundi. Aliyekwama kwenye tope na mzigo mgongoni humkubali yeyote, kwa bei yoyote.

Wengine wanasema hela hakuna. Galoni ya lita 4 na filta yake ni pesa, sikatai. Lakini injini ikinoki, simu zinapigwa Lindi, Mtwara na Dar es Salaam: "Tuchangieni." Hapo gari la mtu mmoja linageuka la ukoo. Kama ni la ukoo siku ya mchango, liwe la ukoo siku ya sevisi pia.

Nachingwea ina historia ya kutufunza. Mpango wa Karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ulikuwa na maeneo matatu: Kongwa, Urambo na hapa kwetu. Ulivunjwa 1951, ukiwa umeteketeza takriban pauni milioni 36. Sababu zilikuwa nyingi, kuanzia udongo hadi mvua, lakini mojawapo ni matrekta chakavu ya masalia ya vita, yaliyoharibika Kongwa kwa kasi kubwa kuliko karakana zilivyoweza kuyahudumia. Serikali tajiri ilishindwa kubeba hasara hiyo; familia ya mkulima wa korosho itaiweza wapi?

Minada ya korosho huanza Oktoba, na mvua huja nyuma yake. Huo ndio wakati wa sevisi, hela ikiwa mkononi na barabara ikiwa kavu. Usimwambie mjomba kwamba gari lake ni bovu. Utamvunjia heshima naye hatakusikiliza. Mpe shikamoo yake, kaa naye, mwombe atenge fungu la oili, filta na breki kabla malipo hayajatawanyika, kisha mfuatane hadi kwa fundi. Andikeni kilomita za sevisi inayofuata mahali ambapo dereva ataziona. Ndugu anayeogopa kusema leo asinung'unike kesho akiletewa daftari la mchango.