AFYA NYUMBANI: Kuhesabu Mapigo ya Moyo

Mwezi huu na tumtazame mtumishi mmoja aliye ndani yetu, asiyelala usiku wala mchana, naye ni moyo. Wengi hawaukumbuki mpaka uwaume. Lakini moyo una habari zake, na kila mwenye saa aweza kuzisoma.

Mwaka 1707 daktari Mwingereza, John Floyer wa mji wa Lichfield, alitoa kitabu juu ya saa ya kuhesabia mapigo kwa dakika moja kamili. Kabla ya hapo waganga wengi walipapasa mshipa na kusema tu kwamba unakwenda mbio au polepole.

Nawe fanya hivi. Asubuhi, kabla hujaondoka kitandani wala kunywa chai, weka ncha za kidole cha shahada na cha kati juu ya kifundo cha mkono wa pili, upande wa kidole gumba. Usipapase kwa kidole gumba, kwa maana nacho kina mapigo yake, yatakuchanganya. Hesabu dakika nzima, uandike. Rudia siku kadhaa.

Mtu mzima aliyetulia, moyo wake kwa kawaida hupiga mara 60 hata 100 kwa dakika. Watoto wadogo huzidi hapo, wala si ugonjwa. Lakini mtu aliyezoea mbio au mwendo mrefu, moyo wake huenda ukapiga mara 50, au hata 40. Sababu yake ni kwamba moyo uliozoezwa husukuma damu nyingi kwa pigo moja, hivyo mapigo machache hutosha. Walimu, wapeni watoto hesabu hii: moyo upigao mara 80 kwa dakika hupiga mara 115,200 kwa siku, upigao mara 60 hupiga mara 86,400. Mapigo 28,800 yameokolewa! Basi mtu akaaye kitini kutwa, akianza kutembea kwa haraka nusu saa kila siku, baada ya miezi michache huenda akaona hesabu yake imeshuka. Asijilinganishe na jirani, bali na daftari lake mwenyewe.

Lakini hapa pana neno zito. Si kila moyo uendao mbio ni wa mtu asiyejizoeza. Homa, hofu, tumbako na kahawa huuharakisha. Na upungufu wa damu pia. Mama ambaye moyo wake hupita 100 naye amepumzika, ambaye huhema akipanda kilima kidogo, na ndani ya kope zake pamepauka, watu wa nyumbani wasimwite mvivu, wala wasimhimize atembee zaidi apate nguvu. Wampeleke hospitali akapimwe damu. Vivyo hivyo, mapigo machache pamoja na kizunguzungu au kuzimia si sifa ya nguvu, ni jambo la kumwonyesha daktari. Na mwenye maumivu ya kifua asikae kuhesabu. Apelekwe mara moja.

Mwili ni amana tuliyopewa na Mungu, na mwenye amana huikagua. Baba wa nyumba, kesho asubuhi hesabu mapigo yako, kisha ya mkeo. Na kama yake yazidi yako sana, usinyamaze: mwulize hali yake.