Kamkoda ya Harusi na ya Meza ya Fundi: Usinunue Namba ya Zumu

Leo tuweke programu kando kidogo tuongee kuhusu kamkoda. Kuna swali ninaloulizwa tena na tena: nikitaka kamkoda moja ya kurekodi mambo ya kawaida na pia vitu vidogo kwa karibu, ninunue ipi? Mara nyingi anayeuliza huwa tayari ana jibu lake: ile yenye namba kubwa zaidi ya zumu kwenye boksi. Maoni yangu ni kwamba namba hiyo ndiyo ya mwisho kuangaliwa.

Tuchukue mfano. Fundi wa simu pale Luthuli Avenue, Nairobi, anataka kurekodi anavyolehemu chipu kwenye bodi ili vijana anaowafundisha waone kila hatua. Jumamosi anarekodi harusi ili apate cha ziada. Pesa yake inatosha kamkoda moja tu. Akichagua vibaya, hakuna ya pili.

Zumu ziko mbili. Zumu ya lenzi husogeza vioo ndani ya lenzi, na picha hubaki safi. Zumu ya dijitali ni mkasi tu. Tupige hesabu: picha ya HD ina pikseli 1920 kwa 1080, yaani 2,073,600. Ukivuta mara 10 kwa dijitali, kamkoda hukata kipande cha katikati chenye pikseli 192 kwa 108. Zinabaki 20,736, yaani asilimia 1, halafu zinanyooshwa zijaze kioo. Sisi waandishi wa programu tunalijua hili vizuri: data ambayo haikuingia huwezi kuitoa. Kwa hiyo boksi likiandika mara 1000, tafuta maandishi madogo yanayotaja zumu ya lenzi. Mara 20 za lenzi zinatosha harusi, hata ukiwa nyuma ya kanisa.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo boksi halilitaji: umbali kati ya lenzi na kitu unachorekodi. Kamkoda nyingi, zumu ikiwa haijavutwa, zinaweza kulenga kitu kilicho sentimita 1 tu mbele yake. Inapendeza kuisoma, lakini hapo kamkoda inajitilia kivuli yenyewe, na mkono wa fundi hauna pa kupita. Ukivuta zumu hadi mwisho, nyingi zinataka urudi nyuma kati ya sentimita 60 na mita 1 ndipo picha itulie. Simu nazo zina shida hiyo hiyo. iPhone 13 Pro ya mwaka 2021 inalenga kuanzia sentimita 2. Ni nzuri kwa ua au mdudu, lakini chuma cha moto cha kulehemu kitapita wapi?

Dawa yake si kamkoda ya bei kali zaidi. Ni kioo kidogo cha nyongeza kinachoskrubiwa mbele ya lenzi, kinachopimwa kwa dayopta kama miwani ya kusomea. Hesabu yake ni rahisi: gawanya mita 1 kwa namba ya dayopta. Kioo cha +2 kinakuwezesha kulenga kitu kilicho sentimita 50 huku lenzi ikidhani inatazama mbali kabisa. Cha +4, sentimita 25. Kisha unavuta zumu ya lenzi, na chipu inajaza picha. Mikono ina nafasi, taa ina nafasi, na moshi hauchafui lenzi.

Ndiyo maana nasema, kabla ya zumu, angalia kama ukingo wa lenzi una hesi za kufungia vioo hivyo. Sony FDR-AX53 ya mwaka 2016 ina za milimita 55, na Canon HF G70 ya mwaka 2022 ina za milimita 58. Zote mbili zina zumu ya lenzi ya mara 20, tundu la maikrofoni, na njia ya kulenga kwa mkono. Hili la mwisho usilidharau: kamkoda inayojilenga yenyewe huhangaika kila mkono unapopita mbele yake.

Watu hudharau kihisi kidogo cha kamkoda. Ni kweli kwamba ukumbini gizani kinaleta picha yenye chembechembe. Lakini kwa karibu kinasaidia, kwa sababu sehemu kubwa zaidi ya bodi huonekana kali kwa wakati mmoja. Giza lina tiba ya bei nafuu, nayo ni taa.

Tahadhari kwa wanaoletewa na jamaa kutoka Marekani: umeme wetu ni wa hezi 50, wa kwao ni 60. Kamkoda nyingi za huko hurekodi kwa picha 30 au 60 kwa sekunde, na chini ya baadhi ya taa zetu video inapepesa. Ukiweka shata kwenye 1/100, shida hiyo hupungua sana. Kama menyu haikuruhusu kugusa shata, iache dukani.

Kumbuka pia kadi. Video ya megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Harusi ya saa nne ni gigabaiti 180, na tarakilishi yako lazima iweze kuzibeba.

Kama unarekodi vipande vya dakika mbili tu, bakia na simu yako. Lakini kama video ndiyo kazi, nunua kamkoda ya wastani, hata iliyotumika, na pesa inayobaki igawe kwa stendi ya miguu mitatu, maikrofoni, taa na kioo cha +2. Utaishinda ile ya bei kubwa iliyo peke yake.

Ukienda dukani, beba sarafu. Iweke juu ya kaunta, zima zumu ya dijitali, vuta ya lenzi hadi mwisho, kisha isogelee polepole mpaka maandishi yaanze kufifia. Pima umbali huo kwa mkono wako. Sasa unajua namba ambayo muuzaji hakukutajia.